Fundi Saa na Malai ya Mama Mkwe

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi Saa ni ukucha wake. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na ukucha mrefu, mnene, uliochongwa ncha kama ya kijiko. Nilipompa saa ya mkono ya baba yangu, hakugusa bisibisi wala kisu. Aliupenyeza ukucha ule kwenye ukingo wa kifuniko, akabinua kidogo, kifuniko kikaachia, na matumbo ya saa yakawa wazi mbele yetu.

"Usishangae," aliniambia. "Ukucha huu una miaka thelathini kazini. Umefungua saa nyingi kuliko nywele nilizowahi kuwa nazo." Akapangusa upara wake kwa kiganja, kisha akavaa kioo chake cha jichoni na kuinama.

Saa ile ilikuwa imesimama wiki chache baada ya mimi kumaliza chuo, na nilitumaini kuichukua keshokutwa. Fundi aliitazama kwa muda, akasema kuna gurudumu dogo limekatika meno, na gurudumu la namna hiyo huagizwa mbali.

"Nitangoja kiasi gani?" nikauliza.

Kabla hajajibu, sauti ya kike, nyembamba lakini kali, ikatoka chumba cha nyuma: "Mwambie apange foleni. Mimi ndiye niliyeanza kungoja meno humu ndani."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mama mkwe wake.

Karakana ya Fundi Saa ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Meza iko dirishani, ina vidroo vidogo visivyo na idadi, na ukutani zimetundikwa saa kama arobaini ambazo hakuna mbili zinazokubaliana. Nyuma ya kiti chake kuna mlango wa jikoni. Mlango huo haufungwi, kwa sababu jikoni ndiko anakoshinda mama mkwe, na wawili hao wakikaa nusu saa bila kutupiana maneno, kila mmoja hudhani mwenzake anaumwa. Mkewe ni karani wa posta. Hutoka asubuhi na kurudi saa kumi na moja, isipokuwa Jumamosi, anaporudi adhuhuri.

Mtaa mzima humwita mama mkwe huyo Bibi Mizani. Kwa miaka thelathini alikuwa mpishi mkuu wa bweni la wanafunzi wauguzi, na hakuwahi kutia chumvi kwenye sufuria bila kuipima kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani. Nilipomkuta mimi, kicheko kilikuwa kile kile, lakini mwili ulikuwa umeanza kumkimbia. Daktari wa meno alikuwa amemng'oa meno tisa yaliyobaki, akamwambia fizi zipone kwanza, ndipo apimwe meno ya bandia. Miezi miwili, labda mitatu. Bibi akakubali kung'olewa. Kulishwa vilivyopondwa ndiko alikokataa.

"Nimelisha watu mia mbili kwa siku," alisema kila walipomletea bakuli. "Leo nikorogewe viazi kama mtoto wa miezi sita? Peleka."

Uji aliunywa nusu kikombe. Supu aliiita maji ya kuoshea sufuria. Fundi hakuwa na mizani nyumbani, lakini alikuwa na kipimo chake. Bibi huvaa saa ya mkono yenye mkanda wa ngozi, aliyoletewa na mkwewe mwaka alipohamia kwao. Mkanda ulipoanza kuzunguka mkononi, Fundi alitoboa tundu jipya. Baada ya wiki tatu alitoboa la pili.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Muuguzi alimpandisha Bibi kwenye mizani, akasoma kilo arobaini na tatu na nusu, akakunja uso. Alikuwa mmoja wa wasichana waliokula chakula cha Bibi bwenini, kwa hiyo alisema kwa adabu, lakini alisema: "Bibi, nakupa wiki tatu. Ukirudi hapa hujafika arobaini na tano, nitakulaza, na chakula kitapita kwenye mpira wa puani. Sitaki, lakini nitafanya."

Nilipopita juma hilo kuulizia gurudumu langu, nilikuta nyumba imepoa. Mke wa Fundi alikuwa likizo ya siku moja, ameketi jikoni mkono shavuni. Fundi alikuwa amesimama mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "katika vyakula vyote vya dunia hii, ni kipi ungekila bila kubembelezwa?"

Bibi alifikiri sana. "Aiskrimu ya malai," akasema mwishowe. "Niliwapikia wasichana wangu kila walipomaliza mitihani. Mashine ya kuzungushia hatukuwa nayo. Malai yakiwa mazito hayahitaji mashine. Unachanganya, unagandisha, unasubiri."

"Basi ni hilo tu?" Fundi akacheka kwa faraja. "Hiyo nitaitengeneza mimi."

Mkewe alimtazama, akanitazama na mimi. "Mume wangu," alisema polepole, "ukipewa yai utalifungua uone kama kuna kifaranga."

Maneno hayo sikuyaelewa siku ile. Niliyaelewa baadaye. Fundi Saa hufungua kila kitu. Redio ikikohoa kidogo, kifuniko kimeshatoka. Chupa ya chai huifungua kila mara aone kama chai bado ni moto, mpaka chai inapoa kwa sababu hiyo hiyo. Si udadisi wa kitoto. Maisha yake yote amekula kwa kufungua vitu na kutazama ndani, na kitu kilichofungwa humwasha kama upele.

Jaribio la kwanza halikufika mbali. Alinunua maziwa ya pakiti, akayapasha, akapata malai, yaani utando wa mafuta wa juu ya maziwa, membamba kama karatasi ya sigara. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Hayo ya kiwandani mafuta yake yamepigwa yakasambaa, hayapandi juu tena. Nenda kwa muuza maziwa, umwambie unataka ya ng'ombe, si ya bomba." Muuza maziwa, aliyepita kila jioni na madumu yake kwenye baiskeli, aliapa kwamba maji hayajui. Fundi akanunua lita tano.

Jaribio la pili lilianza vizuri. Maziwa yalilala kwenye sufuria pana, mafuta yakapanda juu, na asubuhi sufuria ikawekwa kwenye moto mdogo kabisa, ule unaokaribia kuzima. Maziwa ya malai hayachemki. Yanapashwa taratibu saa nyingi, mpaka utando wa juu unenepe na kukunjamana. Na hayaguswi. Hapo ndipo Fundi alipoanguka. Kila baada ya dakika kumi aliinuka kitini, akaenda jikoni kwa kunyata na kibano chake cha saa, akanyanyua ukingo wa utando kuona chini kunaendaje.

"Umefungua tena," Bibi alisema kutoka kitini kwake, macho amefumba.

"Sijafungua, mama."

"Mbona mkono wako unanuka maziwa?"

Kufikia adhuhuri utando ulikuwa umechanika vipande vipande na mafuta yamezama tena. Fundi aliopoa alichoweza, akakichanganya na maziwa mazito matamu ya kopo, akakitia friza. Kisha akaifungua friza kila robo saa, akachovya kijiko, akakoroga, akafunga. Jioni alimpelekea mama mkwe bakuli kwa mikono miwili. Bibi alionja kijiko kimoja. Akaonja cha pili.

"Mkwe," alisema, "ningekuwa na meno, leo ungenivunja. Hii ni aiskrimu au kokoto?"

Walicheka wote, hata mimi. Lakini bakuli lilirudi jikoni limejaa.

Kesho yake nilimkuta Fundi mezani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Mkanda wa saa ya Bibi ulikuwa mbele yake. Alikuwa ametoboa tundu la tatu, na alikuwa akipima kwa rula nafasi iliyobaki hadi kwenye bizimu.

"La nne halitaingia," alisema, kana kwamba anaongea na mkanda. "Ngozi imekwisha."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano.

Nadhani Bibi Mizani alimsikia, maana mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Alituita jikoni wote, akakaa wima kama aliyekuwa akihutubia wapishi wake.

"Kazi hii nitaisimamia mimi," alisema. "Wewe, baba, utakuwa mikono. Lakini kwanza kata huo ukucha. Hauingii kwenye chakula changu."

Mkewe Fundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka kazini na bado ana mkoba begani, alisimama mlangoni. "Mama, ukucha huo alinioa nao."

"Nilikuwepo. Hata siku ile niliusema."

Fundi aliutazama ukucha wake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha alikwenda mezani, akachukua koleo ya kukatia waya, na tukasikia ukikatika. Hakuutupa. Aliuweka kwenye kidroo cha spea pamoja na springi kuukuu, akafunga kidroo, akarudi na kunawa mikono hadi kwenye viwiko.

"Haya, mama. Nini tena?"

"Tena, utakaa karakana na kunipa mgongo. Saa yenye kengele ataiweka mkeo hapa mezani kwangu. Nitakuita nikikuhitaji. Mwanangu, saa ukiifungua inakuonyesha ugonjwa wake. Maziwa ukiyafungua, ugonjwa unautia wewe."

Ijumaa ile maziwa mapya yalikaa motoni tangu asubuhi. Bibi aliyalinda kwa pua. Alinieleza kwamba kwanza yananuka maziwa tu, halafu yananuka mtoto mchanga, na mwisho yananuka kama karanga zinazoanza kupata moto. Hapo ndipo malai yameiva. Nami nilisimama pale nikanusa, na kweli, alasiri harufu ya karanga ilikuja. Utando ulikuwa na rangi ya majani makavu, umekunjamana kama ngozi ya kiwiko. Fundi aliitwa, akainua sufuria bila kuitikisa hata kidogo, akaiweka mahali pa baridi na kuifunika kwa kitambaa safi. Nilimwona vidole vikicheza juu ya kitambaa. Bibi alikohoa. Vidole vikarudi mfukoni.

Jumamosi asubuhi waliengua malai kwa kijiko kipana chenye matundu. Yalitoka kwa tabaka, mazito, juu manjano na chini meupe, yakajikunja juu ya kijiko kama blanketi. Lita tano zilitoa bakuli moja dogo tu. Maziwa yaliyobaki chini yalikwenda kwenye birika la chai. Bibi aliagiza kila kitu kwa vipimo: malai yote bakulini, kopo moja la maziwa mazito matamu, kijiko kidogo cha vanila, chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Pembeni, pakiti ya krimu ya dukani, baridi sana, ipigwe mpaka isimame yenyewe.

"Sasa unganisha," alisema. "Usikoroge. Kunja, kama unavyokunja shuka la mtoto aliyelala juu yake."

Na hapo niliona jambo ambalo sikulitarajia. Mikono ile iliyoshindwa kuacha sufuria ilijua kuunganisha kuliko mikono yoyote. Fundi alipitisha mwiko chini ya bakuli na kuurudisha juu kwa wepesi wa mtu anayerudisha springi ya saa, nyembamba kama unywele, mahali pake. Hewa haikutoka. Mchanganyiko ulibaki umevimba na laini. Bibi alitazama mpaka mwisho, na hakupata kosa, jambo ambalo lilimkera kidogo.

Saa mbili asubuhi aiskrimu iliingia friza, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, imefunikwa karatasi juu yake. Bibi alikisogeza kiti chake hadi kwenye mlango wa friza, akauegemea kwa mgongo, akaitega saa ya kengele ilie saa kumi alasiri.

Fundi alijitahidi, lazima niseme. Saa tatu alikuja kunywa maji. Saa tatu na nusu alikuja tena kunywa maji. Saa nne alisimama mlangoni, kichwa upande.

"Mama, hiyo friza inaunguruma vibaya. Labda niifungue kidogo nisikilize."

"Friza ni nzima. Anayeunguruma ni wewe."

Alirudi mezani. Alizungushazungusha kiti. Aliichukua saa ya baba yangu, akajaribu kuifungua, akakumbuka kwamba hana ukucha, akairudisha. Kisha aliinua macho ukutani, akazitazama zile saa arobaini zinazobishana, na nikaona ameipata dawa yake. Alishusha ya kwanza, akaifungua nyuma kwa kisu, akaisafisha, akaipaka mafuta tone moja, akaiseti, akaitundika. Akashusha ya pili. Mkewe aliporudi adhuhuri alimkuta kwenye ya kumi na tisa, akaja jikoni akaninong'oneza, "Miaka ishirini nimemwomba azipatanishe. Kumbe dawa ilikuwa ni kumnyima friza."

Saa kumi alasiri saa arobaini zililia pamoja. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Zenye kengele ziligonga, zenye ndege zililia ndege, ile kubwa ya mlangoni ikanguruma, na juu ya zote ikapiga kelele saa ya Bibi. Mtoto wa jirani alianza kulia. Muuza maziwa, ambaye hakuwa na shughuli mtaani saa hiyo, alichungulia dirishani akauliza kama kuna harusi.

Bibi alisogeza kiti. "Haya," alimwambia mkwewe. "Sasa fungua."

Fundi alifungua friza kama anayefungua saa ya mfalme. Kopo lilitoka na ukungu. Kijiko kilizama bila kubishwa, kikatoka na bonge laini, lenye rangi ya malai, lisilo na hata punje moja ya barafu. Alilitia kwenye bakuli, akampa mama mkwe kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja.

Bibi alitia kijiko kinywani akafumba macho. Fizi zake zilifanya kazi polepole. Mkewe Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kijiko cha pili kikaenda. Cha tatu. Kijiko kilipoanza kukwangua chini ya bakuli, Bibi alifumbua macho.

"Chumvi imezidi," alisema, akanyoosha bakuli lijazwe tena.

Mkewe Fundi alitoka nje upesi, akasema anakwenda kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo, kila baada ya siku tatu sufuria pana ilikaa motoni. Bibi alikula asubuhi, mchana na jioni, na baada ya wiki moja hamu ya vitu vingine nayo ikarudi. Alikubali viazi vilivyopondwa, kwa sharti kwamba aviponde mwenyewe na vitiwe malai. Alirudia kusema chumvi imezidi, ingawa alikuwa akiipima yeye. Juma la pili Fundi aliniita mezani, akanionyesha mkanda wa ngozi. Bizimu ilikuwa imerudi kwenye tundu la pili.

"Tundu si kilo," nilimwonya, maana nami nilikuwa nimeanza kukosa usingizi kwa jambo hili.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana silali."

Leo ndiyo siku ya kliniki. Mkewe amekosa ruhusa kazini, kwa hiyo nimekuja mimi kusaidia kubeba. Nimebeba chupa ya baridi yenye aiskrimu ya muuguzi, kwa sababu Bibi amesema haendi kwa msichana wake mikono mitupu. Njiani Fundi alimshauri mama mkwe avae koti zito na kutia koleo mbili mfukoni. Bibi alimjibu kwamba hajawahi kudanganya mizani maisha yake yote na hataanza leo kwa ajili ya koleo.

Sasa tumo ndani. Bibi amevua viatu. Amevua kitambaa cha kichwa. Amevua hata saa ya mkononi, akaniwekea kiganjani, ili pasiwe na maneno. Mizani ni ya zamani, ya mshale, na nyuma yake kuna kifuniko kidogo chenye skrubu mbili. Fundi amekiona tangu tulipoingia.

"Muuguzi," anasema, "mizani hii mara ya mwisho ilikaguliwa lini? Nina bisibisi hapa. Dakika mbili tu."

"Fundi, kaa."

Fundi anakaa kwenye benchi kando yangu. Anaiweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia. Ukucha umeanza kuota tena, naona ukingo wake mweupe ukichungulia.

"Panda, Bibi," anasema muuguzi.

Bibi Mizani anamtazama mkwewe, anatabasamu kwa fizi tupu, anapanda mguu mmoja, kisha wa pili. Mshale unaruka, unapita arobaini, unarudi, unacheza. Muuguzi anainama kuusoma. Sote tunangoja utulie.